Pakiti ya Kijani Juu ya Printa

Suruali ya Po-hsun ilipasuka makalioni mchana kweupe, katikati ya soko la vitambaa la Dadaocheng, jijini Taipei, siku ambayo soko lilikuwa limefurika wanawake wa kununua hariri za harusi. Alikuwa amekuja kutengeneza kamera ya duka moja la mapazia. Bisibisi ikamdondoka, akainama kuiokota, na ikasikika ile sauti ambayo kila muuza vitambaa anaijua. Akaweka begi nyuma, akaanza kurudi kinyumenyume huku akimtabasamia kila mtu kama mgombea ubunge, mpaka akagonga meza ya watu.

"Mtanashati, hiyo meza ina mwenyewe," sauti ikasema nyuma yake.

Katika soko lile kila mwanamume anaitwa mtanashati, hata mwenye kipara na kitambi, na kila mwanamke ni mrembo. Ni lugha ya biashara tu, na mtu mwenye akili zake huisahau kabla hajafika ngazini. Po-hsun hakuisahau, na matatizo yote yalianzia hapo.

Aliyemwita hivyo alikuwa Lan-yin, fundi wa qipao, yale magauni ya kubana yenye kola ya kusimama ambayo bibi harusi huvaa anapopita meza kwa meza kuwashukuru wageni. Yeye mwenyewe alikuwa na blauzi ya buluu iliyokolea yenye kola ya namna hiyohiyo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kimto cha pini kwenye kifundo cha mkono, na nywele zimebanwa juu kwa penseli. Alikuwa amefika umri ambao jamaa wakikutana naye sikukuu ya mwaka mpya humuuliza "Bado?" bila kutaja bado nini.

"Samahani, dada. Hapa kuna mahali naweza kushonwa?"

"Kushonwa wewe au suruali?"

"Suruali. Mimi bado mzima."

Lan-yin akachungulia nyuma ya begi. "Mh! Hapa heshima yote iko nje. Vua."

"Hapahapa?"

"Pazia lile pale. Jifunge hiki." Akamrushia kipande cha pamba chekundu chenye maua makubwa ya waridi na kijani.

"Dada, kitambaa hiki bibi yangu alikuwa anashonea mfarishi."

"Basi mmezoeana. Ingia."

Po-hsun alitoka nyuma ya pazia amejifunga maua kiunoni, miguu yake myembamba ikichungulia chini. Shangazi A-chin, muuza vifungo na zipu wa kibanda cha jirani, alimwona akacheka mpaka akamwaga sinia zima la vifungo.

"Lan-yin! Siku hizi unauza na wanaume?"

"Huyu wa kukodisha tu, Shangazi. Ana kasoro nyuma."

Lan-yin akaketi kushona. Ila kila baada ya mishono michache aliacha sindano, akabonyeza kompyuta yake, akaitazama printa iliyokuwa pembeni, akasonya. Kwa mara ya tatu Po-hsun akashindwa kujizuia.

"Ina nini?"

"Printa. Juzi ilichapa vizuri. Leo kompyuta inaniambia haipo. Mimi naiona kwa macho yangu iko pale, yenyewe inasema haipo! Nina kola ya bibi harusi ya kukata kabla ya jioni."

Po-hsun akasogea, akatazama kioo cha kompyuta, uso wote ukamchangamka. "Unatumia Linux badala ya Windows?"

"Na wewe usianze. Kila fundi akiiona ananiambia nitupe ninunue nyingine. Programu ninayochorea michoro ya kukatia nguo iko humu, na mkono wangu umeizoea. Sitaki nyingine."

"Nani kasema utupe? Mimi mwenyewe nyumbani sina nyingine." Akavuta kiti, akakusanya maua yake vizuri katikati ya magoti. "Jumapili hapa wanazima umeme?"

"Ghorofa nzima."

"Basi ndipo penye shida. Printa hii haina waya wa kwenda kwenye kompyuta, inapita kwenye mtandao. Kila ikiwashwa inaiomba ruta, kile kisanduku cha intaneti, anwani, na ruta inaipa yoyote iliyo wazi. Kwa hiyo kila Jumatatu inahamia nyumba mpya. Kompyuta yako inakwenda kupiga hodi nyumba ya wiki iliyopita, inakuta hakuna mtu, inakuambia printa haipo."

"Kwa hiyo hakuna kilichoharibika?"

"Hakuna. Zinatafutana tu."

Lan-yin aliacha kushona akamtazama. Mafundi waliomtangulia walikuwa wamemkaripia. Huyu alimweleza kama anamsimulia habari za jirani.

"Tutaipa anwani moja ya kudumu," Po-hsun akaendelea. "Naifunga kwenye ruta, halafu naiandika kwenye kompyuta. Chagua namba ya mwisho. Yoyote, ilimradi isizidi mia mbili hamsini."

"Themanini na nne."

"Ya bahati?"

"Ya kiuno chako. Nimepima suruali sasa hivi, nikaona mkanda nao unataka kuachia."

Po-hsun akaiva uso kushinda maua aliyojifunga. Akaandika themanini na nne. Akaifuta printa ya zamani kwenye kompyuta, akaiongeza upya kwa anwani ile, akamwonyesha Lan-yin kila hatua: hapa unaingia, hapa unaongeza, hapa unaandika namba. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi yenye mraba wa kupimia, ule ambao wachora nguo huuchapa kwanza ili wajue kipimo hakijadanganya. Lan-yin akaweka rula.

"Sentimita tisa na nukta saba. Ilitakiwa kumi."

"Ah. Imewekewa kubana kila kitu kiingie ndani ya pambizo. Inapunguza kidogo."

Lan-yin akaziba mdomo. "Mungu wangu. Yule bibi harusi wa mwezi uliopita! Gauni lilimkaba mpaka akashindwa kumeza supu, na mimi nikamwambia usoni kwamba amenenepa!"

Walicheka mpaka Shangazi A-chin akaja kuuliza kuna nini. Po-hsun akaondoa alama ile ya kubana, wakachapa tena. Kumi kamili.

Alipokwisha kuvaa suruali yake, Po-hsun alitoa begini pakiti ya kijani ya bisi tamu za nazi, akaisimamisha juu ya printa. Hakuna mtu Taipei asiyeijua desturi hiyo. Mashine yenye pakiti ya kijani juu yake hutulia. Ya njano au nyekundu huleta balaa. Haifunguliwi, hailiwi, na haiachwi ipitwe na muda wake. Iko hospitalini, iko benki, iko kwenye vyumba vya kuongozea treni.

"Na wewe fundi mzima unaamini haya?"

"Siamini," Po-hsun akasema. "Ila sijawahi kuthubutu kutoiweka." Akatoa kalamu ya wino mzito, akaandika jina lake kwenye pakiti. "Kabla muda wake haujaisha nitakuja mwenyewe kuibadilisha. Wewe usiiguse."

"Na ukichelewa?"

"Sichelewi."

Kesho yake alirudi kuangalia kama printa imeamka salama. Kesho kutwa alirudi kuangalia kama ruta haipati joto. Siku iliyofuata hakutafuta hata kisingizio. Alikuja na bakuli mbili za wali wa nyama iliyopikwa kwenye soya, akaketi juu ya jora la kitambaa akala.

"Hii printa ya mwenzetu ina ugonjwa gani usiopona?" Shangazi A-chin akauliza kwa sauti ya kusikiwa na ghorofa nzima.

"Iko chini ya uangalizi maalumu, Shangazi."

"Naona mwangalizi ananenepa, mgonjwa yuleyule."

Wakawa wapenzi hivyo, mbele ya macho ya soko. Mchana Po-hsun alimpigia simu akiwa kazini chini ya meza za watu, ananong'ona.

"Naongea na fundi wa qipao?"

"Inategemea anatakwa na nani."

"Mwenye kiuno cha themanini na nne."

"Viuno hivyo viko vingi mjini. Jitambulishe vizuri."

"Mwenye kiuno cha themanini na nne aliyekosa usingizi kwa ajili yako."

"Huyo namjua. Mwambie ale kwanza, na aje na ndizi."

Ila walikuwa na kilema kimoja, wote wawili, na mimi nakisema mapema ili mtu asije akalaumu mizimu peke yake. Po-hsun alikuwa hodari wa kueleza mashine, lakini neno la moyoni lilimkwama kooni. Alisema "nakupenda" mara moja tu, amevaa helmeti, juu ya pikipiki, katikati ya daraja, upepo ukivuma. Lan-yin alilisikia vizuri sana. Akajitia hakusikia, ili alirudie. Po-hsun hakulirudia. Tangu hapo kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Mwaka uliofuata, pakiti ya pili ikiwa juu ya printa na jina lake limeandikwa vilevile, Po-hsun alipata kazi Kumamoto, Japani, ya kusimika mitambo kwenye kiwanda kipya. Alikuja kuaga amevaa shati jeupe ambalo Lan-yin alimpunguzia mabega. Alisimama mbele ya kibanda kama mteja asiyejua anataka nini.

"Nitarudi kabla hii haijaisha muda," akasema, akiigusa pakiti.

"Unarudi kwa ajili ya printa au kwa ajili ya mwenye printa?"

Hapo ndipo pa kusema. Mtu mwingine angesema. Po-hsun akakuna shingo, akacheka.

"Siku utakayoibadilisha kwa mkono wako, nitajua umepata fundi mwingine."

"Acha zako! Nani ana nguvu ya kutafuta fundi mwingine kwenye joto hili?"

Po-hsun akacheka tena, ila macho yalibaki kwenye pakiti. Lan-yin aliyachukua maneno yale kama utani. Po-hsun hakuwa anatania.

Ukaja mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi, ambao mizimu isiyo na ndugu hufunguliwa mlango ije kula duniani. Soko likaandaa meza ndefu ya sadaka mlangoni: matunda, makopo ya soda, tambi, biskuti na pakiti za vitafunio zilizorundikwa kama kichuguu, kila kibanda na mchango wake. Lan-yin hakuwapo, alikuwa ng'ambo ya mto anampima mteja. Shangazi A-chin akapita akikusanya, akakuta kibanda cha mwenzake hakijatoa kitu, moyo ukamruka. Mizimu ikija ikakosa cha mtu mezani, ni yeye huyohuyo itakayemkumbuka. Akaangaza huku na huku, akaona pakiti ya kijani juu ya printa, akaichukua kwa nia safi kabisa. Udi ulipokwisha kuteketea, vyakula viligawanywa kama kawaida, na pakiti yenye jina la Po-hsun ikaliwa na mjukuu wa mtu huko.

"Shangazi, pakiti yangu iko wapi?" Lan-yin aliuliza aliporudi.

"Nimekutolea sadaka, mwanangu. Hukuwa umeweka kitu. Nilikuogopea."

Lan-yin alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kisha akashuka dukani, akanunua pakiti nyingine ya kijani, akaisimamisha palepale ili mashine ya mpenzi wake isibaki uchi. Hakuandika jina. Jina si lake la kuandika.

Alitaka kumsimulia kama kichekesho. Alipompigia, Po-hsun alikuwa kiwandani.

"Kipenzi, nimevaa vazi la kazi mpaka puani, nitakupigia."

Alipopiga alikuwa amechoka, anajibu "mm" na "mm", mpaka akakoroma simu ikiwa sikioni. Kichekesho kinataka mtu aliye macho, Lan-yin akajiambia, nitamhadithia akija. Akakiweka akiba.

Po-hsun alikuja kabla ya sikukuu ya mwezi mpevu, bila kumwambia mtu. Alikuwa amevaa suruali ileile iliyoshonwa na Lan-yin, shati jipya lililonyooshwa mpaka likasimama lenyewe, mkononi boksi la keki za sikukuu. Begini alikuwa na pakiti ya kijani yenye jina lake, na mfukoni pete. Usiku kucha alikuwa amepanga: atabadilisha pakiti, ataficha pete nyuma yake, atakaa kimya, na Lan-yin ataikuta mwenyewe. Kwa njia hiyo hatalazimika kusema sana.

Akakuta pakiti mpya. Haina jina. Tarehe yake ilikuwa mbali kabisa.

"Shangazi A-chin," akaita, na sauti haikuwa yake. "Hii nani kaibadilisha?"

Shangazi A-chin aliona haya kusema kwamba alichukua kitu cha mtu bila ruhusa akawapa mizimu. "Lan-yin mwenyewe," akajibu. "Alishuka dukani akainunua."

Kila neno lilikuwa la kweli. Po-hsun akaitazama printa muda mrefu, akamwekea Shangazi boksi la keki mezani, akamtakia sikukuu njema, akashuka kwa ngazi za nyuma.

Lan-yin alirudi na vitambaa begani nusu saa baadaye.

"Yule wako alikuwa hapa," Shangazi akamwambia.

"Nani wangu?"

"Fundi wa printa. Kaacha keki. Kauliza nani kabadilisha pakiti, nikamwambia wewe. Akaondoka."

Vitambaa vikamdondoka Lan-yin kutoka begani. Akapiga simu papo hapo.

"Uko wapi?"

"Kwenye treni ya uwanja wa ndege."

"Uwanja wa ndege! Po-hsun, umekuja Taipei ukashindwa kunisubiri nimalize kumpima mtu?"

"Nimeona pakiti."

Lan-yin akacheka, kicheko kilimtoka tu, kile kichekesho alichokiweka akiba kikataka kutoka chote kwa pamoja. Upande wa pili Po-hsun alisikia anachekwa.

"Nijibu kitu kimoja," akasema. "Uliibadilisha wewe, au hukuibadilisha?"

Kicheko kikakatika. Lan-yin akaelewa sasa kwamba mwanamume huyu amevuka bahari, amefika mpaka mezani kwake, na ameondoka kwa sababu ya bisi. Hasira ikampanda mpaka masikio yakavuma. Mwezi mzima wa "mm" na "mm", halafu bisi.

"Niliibadilisha, ndiyo," akasema. "Kwa mkono wangu."

"Haya."

"Haya."

Sentensi moja ingetosha. Mizimu ilikula pakiti yako, mjinga wewe, rudi. Lan-yin alikuwa nayo mdomoni kamili, akaimeza, kwa sababu alitaka aulizwe. Po-hsun naye alikuwa na pete mfukoni na hakuitaja, kwa sababu alitaka aombwe. Treni ikaingia chini ya ardhi, simu ikakatika, na hakuna aliyepiga tena.

Keki zile Lan-yin aliwagawia watu wote wa ghorofa. Hakuonja hata moja.

Kisha akaanza kungoja printa iharibike. Hilo ndilo tumaini alilojiachia. Ikiharibika, atampigia, ni haki ya mteja kumpigia fundi wake, na hakuna aibu ndani yake. Kila Jumatatu umeme uliporudi alituma karatasi, na kila Jumatatu printa ilikwenda moja kwa moja kwenye anwani yake ikachapa. Tufani ikang'oa mabango ya mtaa, printa ikachapa. Tetemeko likaibwaga sakafuni, likavunja kifuniko chake. Lan-yin akaiinua, akaiwasha, ikachapa. Pakiti ya kijani ikapitwa na muda. Shangazi A-chin akamsihi aibadilishe.

"Itakuletea nuksi, mwanangu."

"Iache, Shangazi. Hiyo nuksi ndiyo ninayoitaka."

Mwaka ukapita, na mwingine ukaanza. Mchana mmoja wa mvua, soko likiwa tupu, Lan-yin aliketi mbele ya kompyuta, akafungua ule ukurasa aliofundishwa na mtu aliyejifunga maua kiunoni. Hapa unaingia. Hapa unaandika namba. Akafuta nne, akaweka tatu. Akatuma mraba wa kupimia. Kompyuta ikasema printa haipo. Akautuma tena, na tena, kazi zikajipanga kwenye foleni bila pa kwenda, naye akatabasamu. Akachukua simu.

"Haloo," Po-hsun akaitika. Sauti ilikuwa ileile kabisa, na hilo ndilo lililomuuma kwanza.

"Printa imegoma."

"Inasemaje?"

"Inasema haipo."

"Umeme ulikatika?"

"Ulikatika," akadanganya.

"Fungua ukurasa wa printa. Nisomee anwani. Namba ya mwisho."

"Themanini na tatu."

Nyuma ya Po-hsun vyombo viligongana, mtu alikuwa anaosha sahani.

"Lan-yin. Namba ile haihami yenyewe, hata umeme ukatike mwaka mzima. Mtu kaingia akaiandika upya."

"Labda tetemeko."

"Tetemeko haliandiki namba."

Wakacheka wote wawili, na kwa kitambo kidogo mvua, bahari na ile miezi yote havikuwapo.

"Ni mimi," Lan-yin akasema. "Nimeiharibu kwa makusudi. Po-hsun, kuhusu ile pakiti, sikuwa nimekuchoka. Shangazi A-chin aliitoa sadaka mwezi wa mizimu, mimi sipo. Nikanunua nyingine ili mashine yako isikae uchi. Ni hilo tu. Hakukuwa na fundi mwingine."

"Sadaka," Po-hsun akarudia polepole.

"Mizimu ilikula na wajukuu wa watu."

"Mbona siku ile hukuniambia?"

"Mbona hukunisubiri?"

Lan-yin alimsikia akitembea, akifunga mlango, sauti ya vyombo ikapotea.

"Nilikuwa na pete," Po-hsun akasema. "Nilitaka kuiweka nyuma ya pakiti, uikute mwenyewe."

Lan-yin akaketi juu ya jora la kitambaa, lilelile la bakuli za wali. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, aliuliza moja kwa moja.

"Bado unayo?"

"Andika themanini na nne," Po-hsun akasema. "Kwanza turudishe mashine."

"Nimekuuliza."

"Ile namba ilikuwa kiuno changu," akasema, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Siku hizi ni tisini. Chinatsu anapika sana, na mimi sijui kukataa. Tulioana mwezi wa nne."

Lan-yin aliandika nane. Aliitazama, kisha akaandika nne.

"Hongera," akasema.

"Ahsante."

"Tisini ni nyingi kwa urefu wako."

"Najua."

"Mwambie apunguze mafuta."

"Nitamwambia."

Printa ikajitikisa. Foleni yote iliyokuwa imekwama ikaanza kutoka, karatasi baada ya karatasi, kila moja na mraba wake, zikajaza trei, zikamwagika sakafuni, mpaka ya mwisho ilipotoka.

"Pima mraba," Po-hsun akasema.

"Kumi kamili."

"Basi iko sawa. Ikisumbua tena, Lan-yin..."

"Haitasumbua," akasema, akakata simu.

Akaichukua pakiti ya kijani iliyopitwa na muda, akaipasua. Shangazi A-chin, ambaye alikuwa amesikia kila kitu na kujitia anahesabu zipu, akaruka kutoka kibandani kwake.

"Usile, mwanangu! Mashine itakufa!"

"Na ife."

Bisi zilikuwa zimeingiwa na unyevu, na ladha ya nazi ilikuwa imekwisha kabisa. Lan-yin alikula moja moja huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola, hakuyafuta. Shangazi A-chin alisimama kando yake, midomo ikimcheza kwa neno asiloweza kulisema. Mwishowe akanyoosha kiganja, akapewa chache, wakala pamoja mpaka pakiti ikaisha.

Jumatatu, umeme uliporudi, Lan-yin aliwasha kila kitu. Juu ya printa hapakuwa na kitu. Akatuma kola ya bibi harusi wa wiki ile, akasimama mbele ya mashine amekunja mikono, akiiomba kimoyomoyo igome. Printa ikaamka, ikachapa karatasi zote bila kosa hata moja. Akachukua rula, akapima mraba. Ulikuwa sentimita kumi kamili.